Ndugu yangu alisujudu Kurtuba, mimi nikasema simjui

Somo, assalamu alaykum na shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Huu ni mwaka wa tisa niko Uingereza, kazi yangu kuuguza wazee. Nina ndugu mmoja tu wa kiume, nimemzidi miaka saba. Yuko nyumbani na Mama, jioni anasomesha madrasa na mchana anauza vipuri vya pikipiki. Nakuandikia kwa sababu ni miezi mitatu sasa hatusemezani, na Mama ameanza kuuliza.

Marehemu baba yetu alikuwa mtu wa barazani. Baada ya Magharibi alitukalisha akatuhadithia visa, na kisa asichokichoka kilikuwa cha Abdulrahman, kijana wa Bani Umayya aliyekimbia Shamu baada ya ukoo wake kupinduliwa na kuchinjwa mwaka 750. Askari wanamfukuza, anafika mto Furati na nduguye mdogo, wote wawili wanajitosa majini. Wale ukingoni wanaita: rudini, mna amani, hatuwadhuru. Yule mdogo anachoka, anawaamini, anarudi, anakatwa kichwa. Abdulrahman anaogelea mpaka ng'ambo, anatangatanga miaka, anaishia Andalusi, Uhispania ya Waislamu wa zamani, na huko ndiko anakoujenga msikiti wa Kurtuba. Kila Baba alipofika mwisho, ndugu yangu aliuliza swali lilelile: "Mbona hakumrudia nduguye?" Na Baba kila siku alimjibu: "Kanywe maji ulale."

Baba alifariki hajaiona Kurtuba. Nikajiapia nitakwenda mimi. Nilipomwambia Mama, akasema huendi peke yako, utakwenda na maharimu wako. Sikumkumbusha kwamba miaka tisa napanda ndege peke yangu; Mama ana hesabu zake. Basi nikamlipia ndugu yangu tiketi, viza, hoteli, kila kitu. Mwezi wa Mei tukakutana Madrid, tukapanda ile treni yao ya mwendo kasi, saa mbili hazijatimia tuko Kurtuba, Córdoba kama wanavyoiita wenyewe.

Somo, siku ya kwanza ilikuwa tamu. Tuliketi mkahawani, tukaletewa biringanya za kukaanga zilizomiminiwa asali, ndugu yangu akalamba sahani. Kisha ikaja supu baridi ya nyanya, nzito kama uji, huiita salmorejo. Alikuwa keshainua kijiko nikamdaka mkono: vile vipande vyekundu juu yake ni nyama ya nguruwe. Tulicheka mpaka machozi. Halafu akaanza mchezo wa kutafuta maneno yetu kwenye menyu. Azúcar, sukari. Aceituna, zaituni. Limón, limau. Kikombe wanakiita taza, akapiga meza: "Dada, si tasa hii!" Kwenye gazeti la watu wa meza ya pili palikuwa na picha ya meya wa mji, chini imeandikwa alcalde. "Al-kadhi!" akasema, kama aliyekutana na jirani. Nilimwangalia nikamwona Baba.

Siku ya pili ndiyo siku yenyewe. Mlangoni tulielekezwa kwamba wanaume huvua kofia, kwa kuwa mle ni kanisa kuu. Ndugu yangu akavua yake ya viua, aliyoshonewa na Mama, akanipa niitie mkobani. Hakusema kitu. Ndani akawa mkimya zaidi. Zile nguzo, Somo, ni msitu. Kila nguzo imebeba tao juu ya tao, jekundu na jeupe, jekundu na jeupe, unaangalia mpaka macho yanapoteza mwisho. Alikuwa akizigusa moja moja akipita, kama mtu anayewapa mkono waombolezaji.

Tukafika kwenye mihrabu. Imezungushiwa vyuma, watu hawaisogelei, lakini dhahabu yake inaonekana na maandishi ya Kikufi unayasoma. Saa nane na robo, simu yake ikatikisika: Adhuhuri. Akafungua programu ya kibla, akaniambia kwa sauti ndogo, "Ajabu, simu inasema mashariki, mihrabu inaelekea kusini." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia kabla. Nikageuka kupiga picha. Nilipomgeukia tena alikuwa keshafunga mikono, kando ya nguzo, ameelekea mihrabu, amekwisha kuhirimia.

Mlinzi alikuja taratibu. Sitamsingizia, hakumkamata wala hakupaza sauti. Alimwambia neno, akamgusa bega. Ndugu yangu akarukuu. Akaja mlinzi wa pili na redio. Watalii wakanyanyua simu. Ndugu yangu akasujudu juu ya jiwe tupu, na yule wa kwanza akatazama huku na huku, akaniona mimi, pengine mwenye hijabu peke yangu upande ule, akaniuliza kwa Kiingereza kama yule ni mwenzangu.

Nikasema simjui. Na nikasogea hatua tatu.

Alikuwa anasali rakaa mbili za safari, hazikuchukua muda. Akatoa salamu kulia. Akatoa salamu kushoto, na kushoto kwake ndiko nilikokuwa nimesogea. Tukaonana macho kwa macho. Alikuwa amesikia. Akainuka, akawafuata walinzi bila ubishi, wakamtoa kupitia ule ua wa michungwa. Mimi nikabaki ndani nusu saa nzima nikijifanya naangalia madhabahu.

Usiku ule kila mtu na chumba chake. Siku ya tatu nilikwenda Madinat al-Zahra, yale magofu ya mji wa kifalme nje ya Kurtuba, peke yangu. Madrid tukaagana kama watu waliopanda teksi moja. Alipofika nyumbani akatuma sauti kwenye kundi la familia: amesali Kurtuba, ametolewa katika msikiti uliojengwa na Waislamu. Mashangazi wote takbir na vilio. Mimi hakunitaja kabisa, kana kwamba sikuwako. Afadhali angenitukana.

Somo, nijibu. Alikuwa na haki ya kusali pale? Hakuweza kungoja? Si yeye aliyeiharibu safari niliyoilipia? Nani amwanze mwenzake? Na hili ndilo linaloniamsha usiku: je, siku ile niliikana dini yangu?

Kofia yake ninayo bado.

Dada Mkubwa, Uingereza

*

Wa alaykum salaam, na marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikaunguza birika. Maswali matano, na matatu ya mwanzo yote ni ya kumshtaki yeye. Tuanze na hayo, yana majibu.

Mimi si shehe, ya fiqhi muulize shehe wako. Lakini hili tumelisoma sote chuoni. Msafiri wa masafa yale, aliyekusudia kukaa siku tatu, kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi anapunguza sala na anazikusanya mbili kwa wakati mmoja. Adhuhuri yenu iliingia saa nane na robo, na kwa jua la Mei la Kurtuba Alasiri haiingii mpaka karibu saa kumi na mbili. Hapo pana saa tatu na zaidi. Na hata zingempita, angetia nia mapema ya kuichelewesha, akaisali pamoja na Alasiri chumbani kwake, na zulia chini. Mwalimu wa madrasa hayo anayajua kuliko mimi. Kwa hiyo, alibanwa na wakati? Hakubanwa. Angeweza kungoja? Angeweza.

Na pa kusalia palikuwapo. Bustani za Colón, mwendo wa dakika 20 hivi kwa miguu kutoka pale mlipokuwa, kuna msikiti mdogo mweupe uitwao Morabito. Ulijengwa miaka ya 1930, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania, kwa ajili ya askari wa Kimoroko walioletwa kupigana upande wa Jenerali Franco. Ajabu ya dunia: jenerali aliyejiita mtetezi wa Ukristo ndiye watu wake walijenga msikiti Kurtuba. Wasomaji wengine mnaopanga kwenda, liandikeni jina hilo. Na mkiendelea hadi Gharnata, yaani Granada, pale juu mtaa wa Albaicín, kando ya uwanja wa San Nicolás, kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, bustani yake inatazamana na Alhambra, ngome ya wafalme wa Kiislamu wa zamani. Huko mtasali mkimaliza mtapumua. Tiketi ya Alhambra nayo ina jina na saa ya kuingia kwenye majumba ya wafalme; ukichelewa usilie na mtu.

Haki je? Mwanangu, mle ndani ni kanisa kuu tangu mwaka 1236, mfalme Fernando wa Tatu alipouteka mji. Ukipiga hesabu, limekuwa kanisa kwa karibu miaka 800, na lilikuwa msikiti kwa miaka kama 450. Hilo halifuti nguzo wala mihrabu, lakini wenye funguo wana sheria yao, na sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya ndugu yako. Waislamu wa Uhispania wenyewe walimwandikia Papa Benedict XVI mwaka 2006 kuomba wasali mle pamoja na Wakristo. Askofu wa Kurtuba akakataa. Mwaka 2010 kundi la vijana Waislamu kutoka Austria walipiga magoti mle ndani, ikazuka fujo na walinzi, wawili wakatiwa mbaroni. Ndugu yako katolewa kwa kuguswa bega. Ashukuru.

Na lingine la kumwambia siku mkiwa na nafasi, maana mashangazi kwenye kundi hawalijui: zile nguzo alizozigusa, nyingi za mwanzo Abdulrahman hakuzichonga, aliziokota kwenye majengo ya Warumi na ya Wavisigothi, waliotawala kabla ya Waislamu. Na mwaka 1523, wakuu wa kanisa walipotaka kubomoa katikati ya jengo ili wainue lile kanisa mliloliona mle ndani, waliosimama kupinga walikuwa baraza la mji, Wakristo wa Kurtuba. Walitangaza adhabu ya kifo kwa fundi atakayegusa jiwe. Walishindwa, mfalme Carlos aliwapa ruhusa wenye kanisa, lakini zaidi ya nguzo 850 zimesimama mpaka leo. Watu walilipenda jengo lile kwa dini zaidi ya moja. Sauti aliyotuma kwenye kundi ni fupi mno kwa kisa hicho.

Kosa lake kubwa hata hivyo si la fiqhi wala la historia. Ni kwamba hakukwambia. Alijua anataka kufanya nini tangu alipotoa simu, akakuacha na kamera mkononi. Anayetaka kusimama mahali pa hatari na mtu wa pili humuuliza huyo wa pili kwanza. Hilo unamdai, na siku yake ya kumdai itafika. Si leo.

Sasa nimtetee kidogo. Kijana amelishwa Kurtuba tangu anakojoa kitandani. Kavua kofia bila kunung'unika. Kafika mbele ya kitu ambacho babake alikuwa akimchorea hewani kwa kidole, wakati umeingia, simu inamwambia mashariki, mihrabu inamwambia kusini, na yeye kaiacha simu kafuata mihrabu. Hapo nilimpenda, nikwambie kweli. Sisi watu wa pwani kibla kwetu ni kaskazini, mpaka upande wa kaskazini wenyewe tunauita kibla. Mtu wetu kuelekea kusini kusali ni kugeuza dunia nzima. Ile mihrabu imewatatiza wataalamu kwa karne nyingi, wengine wanasema waliokuwa wakiijenga walifuata desturi ya Shamu. Nduguyo hakuwa anafanya hesabu. Alikuwa anasali nyuma ya watu waliokufa. Sisemi alifanya sawa. Nasema si kila asiyengoja ni mtu wa kujionyesha.

Nimebaki na wewe.

Umeniuliza kama uliikana dini. Hapana. Mlinzi alikujia wewe katikati ya watalii wote kwa sababu dini yako ilikuwa kichwani mwako, imefungwa na pini. Ungetaka kuikana ungeanza na mtandio. Ulichokana ni ndugu. Na nakuomba usiyachanganye haya mawili, kwa sababu nakuona unakokwenda. Ukijiambia nimeikana dini, utaamka usiku, utasali, utalia, utaomba toba, asubuhi utajiona mwepesi kidogo, na ndugu yako atabaki palepale na neno lake sikioni. Haki ya Mola unaimalizia kwenye mswala. Haki ya mja haimaliziki mpaka mja mwenyewe aseme nimekuachia.

Kwa nini ulisema simjui, nadhani najua, na wewe unajua. Miaka tisa ya kuwa mpole uwanja wa ndege. Miaka tisa ya kucheka kwanza mtu anapotazama mtandio wako kazini, ili asiogope. Mwili umejifunza kujikunja kabla akili haijaulizwa. Mlinzi alipogeuka, watu wamenyanyua simu, mwili wako ukafanya ulichozoea, ukajitoa kwenye picha. Hata mimi sijui ningesema nini pale. Lakini kuelewa kwangu hakukutoi kwenye deni.

Turudi kwenye kisa cha baba yenu. Lile swali la mtoto, mbona hakumrudia nduguye, Baba hakulijibu kwa sababu jibu lake halisemeki kwa watoto kabla ya kulala: ukingoni palikuwa na panga. Angerudi wangekufa wote wawili, na hakuna ambaye angekwenda Kurtuba kujenga chochote. Abdulrahman alikuwa na udhuru wa shingo yake. Wewe ukingoni kwako palikuwa na walinzi wawili na redio.

Nimekuwa mkali, najua. Sasa nikupe kitu.

Unasema kwenye kundi hakukutaja kabisa, afadhali angekutukana. Soma tena ulichoandika. Mtu katolewa mbele za watu, katuma sauti ya kishujaa, mashangazi wote wanamshangilia, na mkononi ana sehemu inayouma kuliko zote: dada yangu wa tumbo moja alisema hanijui. Ile ndiyo ingewaliza. Akaikata. Kaisimulia safari nzima akakuondoa wewe, si kwa kukudharau, kakusitiri. Mama anauliza kwa sababu hajui, na hajui kwa sababu yeye hakusema. Miezi mitatu kijana wa watu anabeba aibu yako mfukoni na hajaitoa hata kwa mamake. Wewe ulilichukua hilo kuwa dharau.

Kuna kisa kingine cha mji uleule. Ibn Rushd, kadhi na tabibu wa Kurtuba, yule mwenye sanamu nje ya ukuta wa mji, alikuwa ameandika kitabu kizima cha kulinganisha rai za wanazuoni, na sala ya msafiri imo. Uzeeni, mwaka 1195, mtawala alimgeuka, vitabu vyake vikachomwa, akahamishwa. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa lipi lilimuuma zaidi, hakutaja vitabu. Alisema ni siku alipoingia msikiti mmoja wa Kurtuba na mwanawe Abdallah, wakati wa Alasiri umefika, wakainukiwa na watu wa hovyo wakatolewa nje. Waislamu hao, si mlinzi wa kanisa. Mpe nduguyo kisa hiki, kitampunguzia ushujaa kidogo. Ila ukimpa, usikipitie haraka pale panapotajwa mwanawe. Walitolewa wawili.

Nani amwanze mwenzake? Wewe. Si kwa ukubwa, si kwa kosa kubwa na dogo. Ni kwa sababu yeye keshaanza. Alipotoa salamu kushoto, wewe ulikuwa pale. Walimu wetu walitufundisha kwamba mwenye kusali akitoa salamu hunuia malaika na Waislamu walio upande ule. Ile salamu ilikuangukia wewe, tena akiwa tayari amesikia ulichosema. Mpaka leo hujaiitikia. Na mtume wetu, rehma na amani zimshukie, amesema si halali Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Nyinyi mko mwezi wa tatu.

Jinsi ya kufanya. Usiandike kwenye kundi. Usimtumie ujumbe mrefu wa usiku wa manane, utaandika "lakini" katikati na mambo yataharibika. Piga simu, mpigie baada ya Isha ya Mombasa, wewe kwako bado ni jioni, umeshatoka kazini na umeshakula. Sema: nilikuona, nikaulizwa, nikasema sikujui, na nilikujua. Niwie radhi. Basi. Usieleze habari za walinzi, wala za maisha ya Ulaya. Usitaje tiketi wala hoteli. Pesa ukizitaja katika simu hiyo, ataomba akulipe, na atakulipa kwa vipuri vya pikipiki mpaka uzeeni. Akikasirika, msikilize. Akinyamaza, mngojee, simu yenyewe siku hizi ni bure. Yake ya kukuacha na kamera, hiyo mtaisema siku nyingine, na ikibidi mwite kwa jina lake la utotoni ndipo uiseme.

Mama mwambie tulikosana na tumepatana, mkiwa kweli mmepatana. Naye asitiriwe.

Na kofia usimpe mtu ampelekee, wala usiitie posta. Ifue kwa mkono, maji baridi, sabuni ya kipande, uianike kivulini juu ya bakuli lililopinduliwa isipoteze duara. Likizo yako nyingine ni lini?

Somo